Toni laini kwenye kamera ya 4x5: mwongozo kamili wa kuacha kuunguza kanzu na kuzamisha mlango

Jamani mwezi huu pekee nimeoneshwa negativu za watu kama sita, zote za 4x5 (vipande vya filimu vya inchi 4 kwa 5), zote nyeusi na nyeupe, na zote zina ugonjwa mmoja. Mzee kakaa barazani Mji Mkongwe, kavaa kanzu nyeupe, nyuma yake mlango wa nakshi, kwa macho ni picha tamu kabisa, halafu ikitoka kanzu ni doa jeupe tupu, mlango ni doa jeusi tupu, katikati hamna kitu, utadhani fotokopi ya pale stesheneri. Na mwenye picha anakuja kuniuliza eti anunue lenzi gani.

Lenzi haina kosa. Kipande kimoja cha 4x5 kina eneo kama mara 13 ya fremu ya 35mm, kwa hiyo chenga (zile punje za filimu) hazionekani na ule ulaini, yaani kijivu kinachopanda polepole kutoka nyeusi hadi nyeupe, upo tayari humo ndani, ni wewe unaufukuza. Unaufukuza kwa mambo mawili: unaipa filimu mwanga kidogo, halafu unaisafisha (kuiweka kwenye dawa ya kutoa picha) kupita kiasi. Hatua zote hapa chini zinapambana na hayo mawili tu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kamera ya 4x5, lenzi ya 150mm au 210mm, stendi nzito (sio zile za simu), waya wa shata, kitambaa cheusi na lupu (kioo cha kukuzia).
- Holda (vibebeo vya filimu) tatu kwenda juu. Kila moja inabeba vipande viwili.
- Filimu ya aina MOJA. Mimi natumia Ilford FP4 Plus, ISO 125 (namba ya jinsi filimu inavyohisi mwanga, ikiwa ndogo inataka mwanga mwingi), na namba zote humu ni zake. Ukiwa na HP5 Plus au Fomapan 100 njia ni ileile ila muda wa kusafisha utafute kwenye karatasi ya kiwanda chake.
- Mita ya spoti inayosoma sehemu ndogo. Huna? Kamera ya dijitali yenye kipimo cha spoti inatosha, weka ISO ileile utakayotumia.
- Dawa ya kusafishia ID-11, fiksa ya haraka (dawa inayoifanya picha isibadilike tena), na dawa ya kutelezesha maji mwishoni kama Ilfotol.
- Kipimajoto cha kuaminika, beseni kubwa, chupa mbili tatu za maji yaliyoganda.
- Maji ya kunywa lita tano sita. Ya kisima chenye chumvi yaache ya kufulia.
- Daftari na penseli.

Daftari watu wanalidharau sana. Bila daftari kila kosa utalirudia, manake wiki ijayo hukumbuki ulisafisha dakika ngapi.

## Hatua ya 1: Kupakia filimu bila vumbi na bila jasho

Pakia usiku, bafuni au chumba kisichopitisha mwanga hata wa tundu la funguo. Nusu saa kabla ya kuanza zima feni na upanguse sakafu kwa kitambaa chenye maji, maana feni inazungusha vumbi na vumbi lote litaenda kukaa kwenye anga la picha yako. Begi la kubadilishia linafaa lakini kwa joto la Dar mikono inatoa jasho baada ya dakika tano tu na jasho likigusa filimu limegusa, halifutiki.

Kwenye giza shika kipande kikiwa kimesimama, upande mfupi juu, papasa vile vijino vilivyokatwa pembeni. Vikiwa pembe ya juu kulia basi upande wenye dawa, ule unaopokea mwanga, unakutazama wewe. Huo ndo unatakiwa kutazama lenzi.

Kifuniko cha holda: upande mweupe nje maana yake haijapigwa, mweusi nje imeshapigwa. Ukichanganya hapo utapiga mara mbili kipande kimoja na hautakuja kujua hadi umesafisha, mimi yamenikuta na sio mara moja.

## Hatua ya 2: Usiiamini namba ya kwenye boksi

Boksi linasema 125. Kwa vifaa vyetu, shata kuukuu, lenzi ya miaka ya sabini, mita isiyokubaliana na mwenzake, 125 mara nyingi inatoa vivuli vitupu. Anza na 64. Yaani iambie mita kwamba filimu yako ni ISO 64 na itakupa mwanga mara mbili hivi.

Kwa nini? Kivuli ambacho hakikupata mwanga wakati wa kupiga hakuna dawa duniani itakayokirudisha. Mwanga ukizidi kidogo, filimu inavumilia vizuri tu.

Ukitaka uhakika choma vipande vinne. Tundika kitambaa cheusi chenye nyuzi zinazoonekana, shuka au sweta, kipime, kiweke stopu mbili chini ya mita (stopu moja ni mwanga kuzidi mara mbili au kupungua nusu, mengine naeleza hatua ya 4), halafu piga kwa ISO 125, 80, 50 na 32. Safisha vyote pamoja. Kile cha kwanza ambacho nyuzi zinaonekana bila kukodoa macho, hiyo ndo ISO yako. Najua vipande vinne ni hela, lakini umeshapoteza vingapi kwa kubahatisha?

## Hatua ya 3: Chagua mwanga kabla ya kuchagua pembe

Saa sita mchana kwenye vichochoro vya Zanzibar ukuta wa chokaa unawaka na upande wa pili ni giza la shimo. Filimu inaweza kubeba hiyo tofauti lakini kama ndo unajifunza usianzie hapo. Anza saa moja hadi saa mbili asubuhi, au chini ya baraza ambako mwanga unatoka angani sio kwenye jua lenyewe, au siku ya mawingu. Mawingu ya masika ni zawadi aisee, watu wanakaa ndani wakati ndo softboksi ya bure imetandazwa juu.

Ukifika, kabla hata hujafungua stendi, toa mita upime vitu viwili: sehemu nyeusi kabisa ambayo bado unataka kuona kitu ndani yake, na sehemu nyeupe kabisa ambayo bado unataka kuona kitu. Hesabu stopu katikati yao.

- Stopu 4 hadi 5: kawaida.
- Stopu 6: utapunguza muda wa kusafisha kama asilimia 20.
- Stopu 7: utapunguza kama asilimia 35, au uje kesho asubuhi. Mimi huwa nakuja kesho.

## Hatua ya 4: Kupima, hapa ndo wengi wanafeli

Mita haina akili. Ukiielekeza kwenye mlango mweusi inadhani ni kijivu cha katikati, ukiielekeza kwenye kanzu nayo inadhani ni kijivu cha katikati. Kazi yako ni kuisahihisha.

Tunagawa toni kwa zoni: 0 ni nyeusi tii, 5 ni kijivu cha katikati, 10 ni weupe wa karatasi. Kila zoni ni stopu moja. Kivuli chenye nakshi kinakaa zoni ya 3, kitambaa cheupe ambacho nyuzi zake bado zinaonekana kinakaa ya 7 au 8 mwisho.

Kanuni: pima kivuli, halafu punguza stopu mbili. Basi hiyo ndo picha yako. Sehemu nyeupe zitaangukia zinapoangukia na tutazishika wakati wa kusafisha.

Tumchukue yule mzee wa barazani. ISO 64, apacha (tundu la lenzi) f/22.

- Ndani ya nakshi za mlango mita inasema sekunde 1.
- Shavu lake lililo kivulini linasema 1/2.
- Bega la kanzu, jua la asubuhi limemgusa kwa pembeni, linasema 1/60.

Nakshi nazitaka zoni ya 3, kwa hiyo kutoka sekunde 1 napunguza stopu mbili, napata 1/4. Kwenye 1/4 uso unakaa zoni ya 4. Kanzu iko stopu sita juu ya mlango, yaani zoni ya 9, na hapo inaungua. Kwa hiyo naandika daftarini "punguza 20", na kwa kuwa kupunguza muda wa dawa kunakula kivuli kidogo, nafungua apacha nusu stopu kati ya f/22 na f/16. Nampiga kwa 1/4, mzee ameegemeza kichwa mlangoni, ameambiwa avute pumzi na atulie.

Sasa hili la ngozi. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema uso uweke zoni ya 6. Huo ni uso wa mzungu. Ngozi nyeusi mahali pake ni zoni ya 4 hadi 5, ukiipandisha ya 6 mtu anatoka kapauka kama katoka kuchota majivu, na ule mng'ao wa kwenye shavu na paji unapotea, wakati huo mng'ao ndo toni laini yenyewe tunayoitafuta. Pima shavu, sio paji linalong'aa jasho.

Tahadhari: watu wanapima kivuli halafu wanasahau kupunguza zile stopu mbili. Mlango mweusi ukitoka kijivu kama saruji, ujue umesahau.

## Hatua ya 5: Vitu vinavyokula mwanga bila kukuambia

Mita haijui kama umevuta belosi (ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filimu), umeweka filta, au unaacha shata wazi muda mrefu. Hesabu kwa mpangilio huu huu.

Filta kwanza. Ya njano inakula stopu moja na inatosha kabisa kutuliza anga la bluu mawingu yaonekane. Nyekundu inakula kama stopu tatu na inafanya vivuli vya nje viwe vyeusi kama wino kwa sababu vivuli vya nje vinaangazwa na bluu ya angani, kwa hiyo kwa anayetafuta ulaini nyekundu iache nyumbani.

Pili belosi. Ukimsogelea mtu upige kichwa tu, belosi inarefuka. Pima kwa rula kutoka kwenye lenzi hadi kwenye filimu, gawa kwa urefu wa lenzi, halafu zidisha jibu kwa lenyewe. Lenzi ya 150mm ikivutwa hadi 210mm: 210 gawa 150 ni 1.4, mara 1.4 ni karibu 2. Mara mbili ya mwanga, yaani stopu moja. Nimeona picha nyingi nzuri za uso zimekufa kwa hii stopu moja.

Mwisho muda mrefu. Ikizidi sekunde moja filimu inachoka, inapokea mwanga kwa uvivu. Kwa FP4 Plus mita ikisema sekunde 4 toa karibu 6, ikisema 10 toa 18, ikisema 30 toa kama 73. Ndani ya msikiti wa kale au ghala la karafuu utalihitaji hili.

Halafu kinga lenzi isipigwe na jua moja kwa moja, hata kwa kofia, ila angalia isiingie kwenye picha. Mwanga unaoruka ruka ndani ya belosi unatandaza ukungu kwenye vivuli na watu wanauita ulaini, sio ulaini huo, ni uchafu.

Na kila tukio piga vipande viwili vinavyofanana. Utasafisha kimoja kwanza. Usivisafishe vyote kwa pamoja hata kama una haraka.

## Hatua ya 6: Kusafisha, na vita ya joto

Tuseme ukweli, maji ya bomba ya pwani yanatoka na nyuzijoto 28, 29, mchana hata zaidi. Karatasi ya ID-11 inasema FP4 Plus, dawa iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika 11 kwa nyuzijoto 20. Mtu anatia dawa kwenye maji ya 29 anasafisha dakika 11 zilezile, halafu anashangaa kanzu imeungua! Umeipika hiyo filimu.

Kushusha hadi 20 na kuishikilia hapo ni mateso. Mimi nafanyia kwa 22. Weka vyombo vyako vyote (dawa, maji ya kusuuza, fiksa) ndani ya beseni kubwa la maji, tumbukiza chupa za barafu kwenye BESENI sio kwenye dawa, subiri vyote vifike 22. Vyote, hadi maji ya mwisho. Filimu ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye moto ghafla ngozi yake inajikunja, na juu ya 30 inakuwa laini kiasi kwamba kucha tu inaichana.

Muda wangu wa 22, ukishapiga kwa ISO 64:

- Tangi la kupindua: kawaida dakika 8, "punguza 20" dakika 6 na nusu.
- Trei ya kutikisa mfululizo: kawaida dakika 7, "punguza 20" dakika 5 na nusu.

Usishuke chini ya dakika 5. Hapo dawa haipati muda wa kusambaa sawasawa na anga linatoka na mabaka.

Kiasi cha dawa: nusu lita iliyokwisha kuchanganywa kwa vipande vinne ndo kiwango cha chini, mimi naweka lita nzima. Ukimaliza mwaga, mchanganyiko huo hautunzwi.

Anayeanza na trei asafishe kipande kimoja kimoja, upande wa dawa juu, giza totoro. Ile taa nyekundu ni ya karatasi za kuchapia, filimu hii inaiona nyekundu na itaungua.

Mpangilio:

1. Maji matupu dakika moja hadi mbili. Filimu ikilowa kwanza dawa inaingia kwa usawa, haikimbilii kona moja.

2. Dawa. Ingiza kwa mwendo mmoja usiositasita. Inua trei upande wa kushoto, shusha, inua mbele, shusha, kulia, nyuma, polepole kama unamtuliza mtoto anayesinzia. Badilisha mpangilio ili wimbi lisipite njia ileile. Kwa tangi, sekunde 30 za mwanzo pindua taratibu mfululizo, baada ya hapo pindua mara nne mwanzoni mwa kila dakika, kisha liache litulie.

3. Maji ya kusimamisha, dakika moja, badilisha, dakika nyingine.

4. Fiksa moja kwa maji manne, dakika 4. Ukiwa na wasiwasi na fiksa yako chukua kipande kilichoharibika, tumbukiza uone kinachukua muda gani kuwa kiangavu, zidisha mara mbili.

5. Kuosha. Siku za mgao wa maji usifungulie bomba nusu saa: jaza tangi pindua mara 5, mwaga, jaza pindua mara 10, mwaga, jaza pindua mara 20. Kwa trei badilisha maji kila dakika mbili kwa dakika kumi.

6. Maji ya kunywa yenye tone la dawa ya kutelezesha, nusu dakika, tundika kwa kona moja. Feni imezimwa bado! Na usiifute kwa vidole.

Kuhusu kutikisa, hili narudia kwa sababu ndo kosa la watu wenye bidii. Ukitikisa kama unachanganya juisi ya ukwaju, sehemu nyeupe zinapata dawa mpya kila sekunde na zinakua kupita kiasi, kingo nazo zinatoka nzito kuliko katikati. Ukiacha kabisa kutikisa unapata mabaka na michirizi.

## Hatua ya 7: Kuisoma negativu

Kumbuka kwenye negativu kila kitu kimegeuka, kanzu ni sehemu nzito nyeusi na mlango ni sehemu nyepesi.

Subiri ikauke, halafu ilaze juu ya ukurasa wa gazeti karibu na dirisha. Angalia pale kwenye kanzu. Herufi za gazeti zisomeke kwa shida, lakini zisomeke. Kisha iinue uitazame dhidi ya ukuta mweupe, kwenye mlango uone nakshi, nyepesi lakini zipo, tofauti na ukingo wa filimu ambao haukupigwa kabisa.

Ukikuta tofauti, usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo:

Mlango mtupu na kanzu haipitishi hata herufi moja, huo ndo ule ugonjwa wa mwanzo. Mwanga mdogo na dawa nyingi. Shuka ISO hadi 40 au 50 na punguza muda wa dawa asilimia 15.

Mlango upo vizuri ila kanzu nzito sana, ni dawa tu. Punguza muda, usiguse ISO. Na kabla ya hapo kihoji kipimajoto chako, mimi nilikuwa na kimoja kinadanganya nyuzi tatu nzima, kilinisumbua miezi.

Mlango mtupu na kanzu nayo hafifu, herufi zinasomeka kama hamna kitu: mwanga ulikuwa mdogo. Angalia kama ulisahau belosi.

Kila kitu kinaonekana lakini negativu nzima ni kijivu kimoja, imelala: dawa ilikuwa kidogo au imezeeka. Hii nayo sio toni laini ingawa wapo wanaoitetea. Ongeza dakika moja.

Ukishajua, sasa chukua kile kipande cha pili ukisafishe kwa marekebisho. Kama kosa ni la mwanga hakitapona, lakini makosa ya dawa karibu yote yanarekebishika hapo.

## Hatua ya 8: Kuskani au kuchapa

Wa skana: zima kila kitu kinachojiita oto. Skani kwa biti 16, weka alama ya nyeusi na nyeupe nje kidogo ya mwisho wa grafu ili usikate kitu, picha itatoka imelala na mbaya, ndo inavyotakiwa. Kontrasti utaongeza mwenyewe kwa kuipinda kevu (ule mstari wa kurekebisha toni kwenye programu) taratibu. Ukiiacha skana ijiamulie itarudisha fotokopi uliyoikimbia.

Wa chumba cha giza: karatasi ya Multigrade (ile ambayo kontrasti yake inabadilishwa kwa filta), filta namba 2, fanya vipande vya majaribio. Muda uamue kwa kuangalia kanzu, kontrasti iamue kwa kuangalia mlango. Kanzu ikiwa sawa na mlango bado kijivu panda namba 2½ au 3, mlango ukizama shuka 1½. Negativu iliyosafishwa kama nilivyoeleza inakaa kati ya 2 na 3, ikikulazimisha 0 au 5 rudi hatua ya 7.

Na usiamue kwenye maji. Karatasi iliyolowa inang'aa na kanzu inaonekana nyeupe safi, ikikauka inazama kidogo, kwa hiyo ikiwa bado imelowa iache iwe nyepesi kidooogo kuliko unavyotaka. Ianike, kalale, asubuhi ichukue dirishani uangalie darizi ya shingoni mwa kanzu na zile nakshi za mlangoni. Vyote viwili vikionekana kwenye karatasi moja, andika daftarini ISO, joto na dakika ulizotumia, kabla hujamwita mtu kuja kuiona.